Kasi Haiui Prosesa, Volti Ndizo Zinazoua

Machi 2024, Msweden Jon Sandström, ambaye wapenzi wa kompyuta wanamjua zaidi kwa jina la Elmor, aliifikisha prosesa ya Intel Core i9-14900KS kwenye gigahezi 9.117. Prosesa hiyo ikitoka kiwandani, kilele chake ni gigahezi 6.2. Yeye na wenzake wa ASUS waliipoza kwa heliamu kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na kasi ile ikashikilia kwa muda wa kutosha tu kuthibitishwa na programu ya vipimo. Elmor huyohuyo ndiye aliyevuka gigahezi 9 kwa mara ya kwanza, Desemba 2022, kwa prosesa ya Core i9-13900K.

Rekodi hizi husimuliwa kama mbio za magari, na anayetajwa ni yule aliyekimbia zaidi. Mimi nazisoma kwa namba nyingine ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa, nayo ni volti. Prosesa haikimbii kwa sababu umeiambia ikimbie. Transista zake zinahitaji msukumo wa umeme ili ziwake na kuzima haraka zaidi, na msukumo huo ukizidi kidogo tu, prosesa inaweza kufa. Gigahezi ukiziweka nyingi mno, kompyuta itagoma kuwaka, utarudisha mipangilio ya mwanzo, utaendelea na kazi. Volti zikizidi hakuna cha kurudisha.

Nayaandika haya nikiwafikiria vijana wa Moshi wanaounga kompyuta zao wenyewe kwa ajili ya gemu, kuhariri video za harusi au kuchora ramani za nyumba, wengi wao kwa vipuri vilivyokwisha kutumika Ulaya na Marekani. Kwao prosesa moja ni akiba ya miezi mingi. Anayetaka kuizidisha kasi, yaani kuiovakloki, anastahili kujua waliotangulia walifika wapi, na walichoma nini njiani.

Baridi iliyopita zote

Kabla ya Elmor, rekodi iliyodumu kuliko nyingine za siku hizi ilikuwa ya Mfini anayejiita The Stilt, aliyeifikisha AMD FX-8370 kwenye gigahezi 8.722 mwaka 2014. Ilisimama miaka 8. Nyuma yake, mwaka 2011, AMD wenyewe waliingia kwenye kitabu cha Guinness kwa FX-8150 iliyofika gigahezi 8.429, nayo ilipozwa kwa heliamu.

Heliamu ni ghali na ni ya wachache. Wengi wanaoshindana hutumia nitrojeni kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Na hapa kuna jambo ambalo wakazi wa Kilimanjaro wanaweza wasilihusishe na kompyuta hata kidogo: nitrojeni hiyo ipo jirani. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River, upande wa Arusha, huitumia kuhifadhi mbegu za madume bora. Mtaalamu wa uhimilishaji anayepanda na mtungi wake hadi kwenye banda la ng'ombe wa maziwa katikati ya migomba amebeba baridi ileile inayovunja rekodi za prosesa huko Taiwan na Ulaya. Akifungua kifuniko, mvuke mweupe unamwagika ukingoni na kushuka chini kama unavyoonekana kwenye video za mashindano.

Kwa nini baridi? Kwa sababu inanunua ruhusa ya kupandisha volti. Prosesa iliyogandishwa hupitisha umeme kwa upinzani mdogo, huvuja umeme kidogo, na uchakavu wake hupungua mwendo. Volti ambazo zingeimaliza upesi kwenye joto la chumba, huenda ikazistahimili ndani ya nitrojeni kwa dakika chache za rekodi. Kijana anayeona kwenye video volti 1.8 au 2 zikitajwa, kisha akaziandika kwenye BIOS ya kompyuta inayopozwa na feni, ameazima nusu ya habari.

Nguvu ya umeme iliyo kali kuliko radi

Ndani ya prosesa, kila transista ina utando mwembamba wa kuhami unaotenganisha lango lake na njia ya umeme. Katika prosesa za Intel za nanomita 90, zilizotoka mwaka 2004, utando huo ulikuwa na unene wa nanomita 1.2, yaani safu chache tu za atomi. Weka volti 1.2 juu ya unene huo, upige hesabu: ni sawa na volti bilioni moja kwa kila mita. Hewa hushindwa kuhami na kutoa cheche inapofika volti milioni 3 hivi kwa mita. Ukali wa umeme ndani ya prosesa inayofanya kazi yake ya kawaida unazidi ule wa kuzaa cheche kwa zaidi ya mara 300.

Kwa hiyo kuongeza volti 0.2, ambazo kwenye betri ya tochi hazina maana, ndani ya prosesa ni jambo kubwa. Utando unaweza kutoboka papo hapo. Au unaweza kudhoofika polepole, kila saa ya kazi ikiacha kasoro ndogo ndani yake, mpaka siku moja kompyuta inaanza kukwama katikati ya kazi bila sababu inayoonekana.

Kuna njia nyingine ya kufa. Mkondo mkubwa wa umeme unaopita kwenye nyaya nyembamba husukuma atomi za chuma chenyewe kuelekea upande mmoja. Upande mmoja waya unakonda hadi kukatika, upande mwingine chuma kinarundikana na kugusa waya wa jirani. James Black wa Motorola aliiandikia kanuni hali hii mwaka 1969, na wahandisi bado wanakadiria umri wa prosesa kwa kanuni hiyo. Joto na mkondo vikipanda pamoja, umri unaporomoka.

Navyo hupanda pamoja daima. Nguvu inayoliwa na prosesa hufuata kipeo cha pili cha volti. Ukitoka volti 1.25 kwenda 1.5, umeongeza asilimia 20, lakini joto limeongezeka kwa asilimia 44 kabla hujagusa kasi. Ongeza kasi kwa asilimia 10 tu na joto limefika asilimia 58 zaidi. Prosesa kubwa ya leo inayokula wati 250 kwa volti 1.25 inapitisha ampea 200. Pasi ya umeme ya wati 1,000 nyumbani kwako haifikishi ampea 5.

Kifo kilichopewa jina

Katika historia yote ya kuzidisha kasi, prosesa moja ndiyo iliyosababisha wapenzi wake watunge jina la ugonjwa. Pentium 4 aina ya Northwood ilitoka Januari 2002, ikitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 130. Volti zake za kawaida zilikuwa karibu 1.5. Ilikuwa na uwezo mkubwa wa kukimbia, na watu waliozoea vizazi vilivyotangulia, vilivyostahimili volti zaidi, wakaipandisha kupita 1.7 bila wasiwasi. Ilikimbia vizuri. Wiki zikapita, kwa wengine miezi, halafu asubuhi moja kompyuta haiwaki. Wakaiita Kifo cha Ghafla cha Northwood.

Kwangu mimi hili ndilo kosa la volti lenye mafunzo mengi kuliko yote, kwa sababu waliolifanya hawakuwa wazembe. Walikuwa na vipozeo vizuri, walipima joto, na joto lilikuwa sawa. Walichokosa ni kujua kwamba kila teknolojia mpya inapunguza unene wa utando, na kikomo cha jana hakihamii kwenye prosesa ya leo. Mpaka sasa kosa hili linaendelea. Anayenunua prosesa ya kizazi kipya huuliza ushauri kwa aliyekuwa na ya zamani, anaambiwa "1.4 haina shida", na anaamini.

Miezi michache kabla ya Northwood, tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video iliyotazamwa sana: walitoa kipozeo juu ya prosesa zikiwa kazini. Athlon ya AMD iliungua mara moja ikitoa moshi. Pentium 4 ilipunguza kasi yake yenyewe na kuendelea kuishi. Tangu hapo ulinzi dhidi ya joto ukawa jambo la lazima, na leo ni vigumu sana kuua prosesa kwa joto peke yake. Lakini watu wengi wamechukua ulinzi huo kama kinga ya kila kitu. Kipimajoto kilichomo ndani ya prosesa hakioni utando unaotoboka.

Makosa ya sehemu isiyo yake

Sio kila aliyeua prosesa aligusa volti za prosesa. Mwaka 1994 Intel ilitoa 486DX4 inayotumia volti 3.3, wakati madabodi nyingi za 486 zilikuwa za volti 5. Ilikaa kwenye soketi ya zamani barabara, pini zikiingia zote, na bila kifaa cha kushusha umeme katikati ilikuwa inaingia kaburini.

Novemba 2008 zilipotoka Core i7 za kwanza, kidhibiti cha RAM kilikuwa kimehamishiwa ndani ya prosesa. Intel ikaonya kwamba RAM ikipewa zaidi ya volti 1.65 inaweza kuharibu prosesa. Wakati huo RAM za kifahari za DDR3 ziliuzwa zikiwa zimepangiwa volti nyingi kuliko hizo. Mtu alidhani anaiongezea nguvu RAM, kumbe anaichoma prosesa kwa mlango wa nyuma.

Kosa la namna hiyo likarudi Aprili 2023, safari hii kwa picha za kutisha kuliko zote za zama hizi. Ryzen 7 7800X3D zilionekana zimevimba upande wa chini, vidoto vya dhahabu vya kugusia umeme vimeungua rangi ya kahawia, na soketi chini yake imeyeyuka mahali palepale. Wengi wa wenye kompyuta hizo walikuwa wamewasha tu mpangilio wa kuharakisha RAM, kitu ambacho hutangazwa kwenye boksi. Madabodi kadhaa, kwa kuwasha mpangilio huo, zilikuwa zikipandisha volti za SoC, sehemu ya prosesa inayohudumia RAM na mawasiliano. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 na watengenezaji wa madabodi wakatoa BIOS mpya. Anayenunua madabodi iliyotumika ya AM5, soketi ya Ryzen hizo, kitu cha kwanza ni kuweka BIOS ya baada ya tukio hilo.

Lakini kwa ukubwa, kosa la volti lililogusa watu wengi kuliko yote halikufanywa na mpenzi wa ovakloki. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba maikrokodi yake yenyewe, yaani programu ndogo inayoongoza prosesa kutoka ndani, ilikuwa ikiomba volti kubwa kuliko inavyotakiwa kwenye prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14. Kompyuta zilikuwa zinakwama na gemu zinafungwa zenyewe, na watu waliobadilisha RAM, kadi ya picha na pawa saplai hawakupata nafuu. Agosti mwaka huo ikatoka maikrokodi mpya iliyoweka ukomo wa volti 1.55, na dhamana ya prosesa hizo ikaongezwa kutoka miaka 3 hadi 5. Maikrokodi hiyo inazuia madhara mapya, haiponyi yaliyokwisha kutokea. Hilo ni muhimu sana kwa anayenunua i7 au i9 iliyotumika: muulize muuzaji BIOS ilibadilishwa lini, na ifanyishe kazi nzito mbele yako kabla hujatoa hela.

Kipigo kikubwa kuliko vyote, na njia yake kutoka ukutani

Pawa saplai hubadili volti 230 za TANESCO kuwa volti 12. Karibu na soketi ya prosesa kuna safu ya transista zinazozishusha volti 12 kuwa 1 na ushee. Ikitokea transista ya upande wa juu imeungua na kubaki imeshikana, volti 12 nzima zinaingia kwenye prosesa kwa mara moja. Hakuna namba utakayoiandika kwenye BIOS itakayofikia mara 10 ya kiwango namna hiyo. Madabodi za bei ya chini, zisizo na bati la kupozea kwenye transista hizo, zikibebeshwa prosesa kubwa iliyopandishwa volti mchana wa Februari pale Moshi mjini, ndizo zinazoelekea huko.

Kisha kuna swichi ndogo nyekundu. Pawa saplai nyingi za zamani zilizotoka Marekani zina swichi nyuma, imezama kwenye tundu kiasi kwamba inahitaji bisibisi nyembamba kuisogeza, na inasoma 115 au 230. Kompyuta iliyotumika Marekani inafika ikiwa kwenye 115. Katika hali hiyo saplai huuzidisha umeme mara mbili ndani yake. Ukiichomeka kwenye umeme wetu, kapasita mbili zenye uwezo wa volti 200 kila moja zinatwishwa volti karibu 325 kila moja. Unasikia mlio mmoja, chumba kinanuka, na taa za nyumba zinaweza kuzimika. Mara nyingi hufa saplai peke yake, lakini saplai duni huondoka na madabodi. Swali la kwanza la fundi mzuri ni hili: "Ilizima yenyewe, au ilipasuka?"

Umeme wenyewe nao una habari zake. Kaskazini ni mbali na mitambo mikubwa ya nchi, na umeme hupungua njiani. Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa Kanda ya Kaskazini kununua umeme kutoka Ethiopia, akitaja upotevu wa umeme katika safari hiyo ndefu. Umeme ukiwa mdogo, saplai huvuta mkondo mkubwa zaidi ili ifikishe wati zilezile, na inachemka. Ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, kapasita zinapokea pigo. Stabilaiza au UPS ya kweli inastahili kununuliwa kabla ya kipozeo cha maji chenye taa za rangi.

Juu kuliko wote

Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kabla mwaka haujaisha ikafika Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ni kati ya intaneti zilizo juu zaidi duniani, na kwa mpenzi wa kompyuta inaleta swali zuri: je, kule juu si ndiko pa kuovakloki, penye baridi ya bure?

Baridi ipo. Kwa kila kilomita unayopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi, ndiyo maana Marangu kunapoa wakati Moshi mjini kunachoma. Lakini feni haipozi kwa baridi peke yake, inapoza kwa uzito wa hewa inayopita. Moshi mjini hewa ni karibu asilimia 90 ya ile ya Tanga. Horombo ni karibu theluthi mbili, na Uhuru ni karibu nusu. Feni inazunguka vilevile huku ikisukuma hewa nyepesi. Diski za kuzunguka nazo nyingi zimeidhinishwa mwisho mita 3,048, kwa kuwa kichwa cha kusomea huelea juu ya tabaka la hewa, na hewa ikipungua kinakaribia kugusa sahani. Kati ya Moshi na Marangu faida ya baridi inashinda hasara ya hewa. Kuanzia Horombo kwenda juu, volti ulizozizoea mjini zinahitaji tahadhari mpya.

Rekodi ya upande wa pili

Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A ya megahezi 300. Watu waligundua kwamba ukibadilisha mwendo wa njia kuu kutoka megahezi 66 kwenda 100, inakimbia megahezi 450, na nyingi zilifanya hivyo kwa volti zilezile 2 za kiwandani. Nyongeza ya asilimia 50 bila kugusa volti. Sijaona rekodi nyingine ya ovakloki ninayoiheshimu kuliko hiyo, hata ya heliamu.

Kwa kompyuta ya leo pale Moshi, mashindano ninayoyatamani ni ya kushuka: volti ndogo kabisa ambayo prosesa yako itaendelea kukimbia kasi ileile. Kiwanda huweka akiba ya volti ili hata prosesa dhaifu ya kundi lake isikwame, na yako huenda si dhaifu. Ukitoka 1.30 kwenda 1.15 bila kupunguza kasi, umepunguza nguvu inayoliwa kwa karibu asilimia 22. Feni inatulia, UPS inadumu zaidi umeme ukikatika, na uniti za LUKU zinachelewa kuisha. Kukosea kwa upande huu mara nyingi ni kompyuta kukwama na kuwaka upya, basi. Kwenye laptopu kadhaa za Intel mlango huu umefungwa tangu watafiti walipoonyesha, Desemba 2019, shambulio waliloliita Plundervolt, ambapo kushusha volti kwa makusudi kuliifanya prosesa ikosee hesabu na kuvujisha siri.

Shusha volti 0.025 kwa hatua moja, usiruke. Kila hatua ifanyishe kazi nzito kwa saa kadhaa, na ifanye mchana wa joto, si usiku. Ikikwama, rudi juu hatua mbili na ubaki hapo. Kabla ya kubonyeza Enter kwenye BIOS, soma tena nukta iko wapi na jina la sanduku ulilomo, maana la RAM, la SoC na la prosesa hukaa mistari mitatu tu mbalimbali. Volti uliyofikia iandike pamoja na tarehe ndani ya mfuniko wa kesi, ili fundi atakayeifungua baadaye ajue pa kuanzia.